Barua kwa mwanangu: ile safu ya kazi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma asubuhi kabla hata sijawasha jiko. Unasema Jumanne mnaenda kumwandikisha mtoto cheti cha kuzaliwa hapo Leicester, Uingereza, na watakuuliza kazi ya mama, na kwa vile umeacha kazi ukae na mtoto hujui useme "housewife", yaani mama wa nyumbani, au uwaambie wapaache wazi. Nitakujibu, ila kwanza nenda nami kwenye kile cheti chetu cha ndoa, kile kiko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na makaratasi ya shamba. Ushakiona mara nyingi lakini sidhani umewahi kukisoma.

Kuna safu ya hali, hapo baba yako kaandikwa "bachelor", asiye na mke, na mimi "spinster", asiye na mume. Halafu kuna safu ya kazi. Baba yako mwalimu. Mimi kistari.

Sasa we unajua 1991 nilikuwa nafanya nini. Cherehani ilikuwa pale barazani Kongowea, Januari ile nilishona yunifomu za shule arubaini na kitu, na hiyo ndo pesa iliyonunua kitambaa cha suti aliyovaa baba yako siku hiyohiyo, na suti nikaishona mimi. Karani akaniuliza kazi, nikamwambia nashona. Akasema hapana, kazi, umeajiriwa wapi. Nikamwambia tena nashona nguo za watu nalipwa. Hata hakuniangalia, akavuta peni, kistari, akageukia mashahidi. Na baba yako amesimama hapo ndani ya suti yangu, kimya.

Kazi ni kazi hata kama haina bosi, hilo nimekuambieni tangu mko wadogo na sasa unajua lilipotoka.

Siku ya tatu baba yako akaja mbio na ile dikshonari yake kubwa, unamjua, kitu kikimkera anakitafuta kitabuni. Amefurahi ajabu. Akaniambia "spinster" mwanzoni halikuwa neno la kukosa mume, lilikuwa kazi, mwanamke anayesokota uzi, tangu miaka ya 1300 huko Uingereza. Hiyo "ster" ya mwisho ilikuwa mkia wa kazi za wanawake, "webster" mwanamke mfumaji, "brewster" mpika pombe, "baxter" mwoka mikate, leo yamebaki majina ya ukoo tu na wanaoitwa hivo wengi hawajui kama mwanzo wake kulikuwa na mwanamke na kazi yake. Na kwa kuwa kusokota sufu walifanya wanawake wengi, hasa wasioolewa, ilipofika miaka ya 1600 makarani wa kule wakawa wanamwandika "spinster" mwanamke yeyote asiye na mume hata kama uzi hajawahi kuugusa. Kwa hiyo, baba yako akaniambia, karani alikuandikia kazi, tena ya nyuzi, kakosea safu tu!

Mwanangu mi nililia. Yeye alidhani ni furaha.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Wakati mwingine nasema alinipa kitu alichokuwa nacho, mwingine angeleta maua yeye akaleta neno, na kweli neno hilo nimelipenda. Halafu nasema aa, pale mezani hakukuhitajika dikshonari, kulihitajika mtu aseme bwana huyu ni fundi cherehani, andika. Sitaki kusema alikosea. Alikuwa kijana, ofisi za serikali wakati ule zilikuwa zinatisha, na mwalimu alikuwa mtu wa kuhamishwa kesho. Basi naliacha hapo, japo siliachi vizuri.

Hilo la "housewife" pia alinionyesha. Lilianza na heshima zake, mwanamke mwenye kuendesha nyumba, lakini watu wakalitafuna midomoni mpaka likazaa "hussy", tusi la mwanamke asiye na adabu, neno lilelile mami, limechakaa tu. Na mwenzake "lady" akapanda juu, manake zamani kabisa alikuwa mwanamke anayekanda unga wa mkate, na "lord" mlinzi wa mkate. Aliyekanda amekuwa bibi mkubwa na aliyesokota amekuwa asiyeolewa, na wote walikuwa kazini. Lakini kuna kitu kimoja kinanifanya nisilichukie hilo lako, wanajeshi wa Uingereza walikuwa wanabeba kifuko cha sindano na uzi cha kushonea vifungo, na kifuko hicho kiliitwa "housewife", wakitamka kama "hazifu". Nilipoambiwa hivo nikacheka peke yangu hapo kwenye cherehani.

"Spinster" wenyewe waliliondoa kwenye ndoa zao 2005. Jina la mama wa bibi harusi na bwana harusi ndo likachelewa zaidi, vyeti vya huko vilikuwa na baba tu mpaka 2021. Changu vilevile, baba yangu yumo na kazi yake. Nyanya yako hayumo. Na we ulimuona, jioni amekaa mlangoni ananyosha mguu anasokota nyuzi za mkonge kwenye paja, vikapu vile vikauzwa sokoni vikanilipia karo mpaka nikanunuliwa hiyo cherehani. Kama kuna mtu kwenye ukoo huu aliyestahili kuandikwa hilo neno ni yeye, na hawakumwandika chochote.

Sasa Jumanne useme nini, niliapa sitawaamulia watoto wangu wakishakuwa watu wazima, na sitaamua. Ukiniuliza mara ya pili nitasema. Ila usiwaachie wapige kistari, hilo tu, kazi ni kazi hata kama haina bosi.

Ukitoka hapo nipigie, nataka kujua wameandika nini. Baba yako anauliza mtoto sasa ana kilo ngapi.

Mama yako