Pedeli inazama, fundi kasema weka haidroliki: USIWEKE

Kaka, kama hiyo chupa bado imefungwa, iache ifungwe hivyo hivyo. Umesema pedeli ya Noah yako inashuka polepole ukiwa umesimama njia panda ya Mwandiga, kichupa cha breki kimepungua, usukani unatetemeka ukifunga breki, na fundi kakushauri ujazie haidroliki ya pawa stelingi "kwa sababu mafuta ni mafuta". Ushauri huo huo nilipewa na mimi, nikaufuata, na nikanunua mfumo mzima wa breki kwa ajili ya robo lita.

Jina ndilo linalotuponza. Tunaita "mafuta ya breki" lakini si mafuta. DOT 3 na DOT 4 zinatokana na glaikoli, kitu kinachochanganyika na maji na kula rangi ya gari kikimwagika. Haidroliki, oili ya injini, dizeli na petroli zote ni ukoo mwingine. Raba zilizomo ndani ya breki ni za mpira uitwao EPDM. Zikikaa kwenye glaikoli hazidhuriki. Zikikutana na mafuta ya ukoo huo mwingine zinayanywa, zinavimba na kulainika kama andazi kwenye chai.

Siku ya kwanza utamsifu fundi, maana kichupa kimejaa. Ndani ya siku chache utafungua mfuniko, na ile raba yake itagoma kurudi mahali pake kwa sababu imeshapanuka. Hiyo ni ya juu, unayoiona. Chini, ndani ya masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedeli, kuna kitundu chembamba sana kinachorudisha mafuta kwenye kichupa ukiachia pedeli. Raba iliyovimba inakiziba. Mafuta hayarudi, breki hazijiachii, gari linakuwa zito, ukilitoa gia kwenye mteremko halibiringiki, rimu zinachoma mkono na harufu ya kuungua inaingia ndani. Moto huo unachemsha mafuta kwenye kalipa, kile kibanio cha breki kwenye gurudumu. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, iliyokwisha kunywa maji kwenye 140 hivi. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedeli inakwenda hadi sakafuni. Hebu fikiria hilo likukute unashuka kutoka Manyovu na abiria.

Dawa yake sasa ndiyo inayouma. Masta silinda mpya. Raba za kalipa zote mbili za mbele. Silinda ndogo mbili za nyuma kama una breki za dramu, zile za bakuli la chuma. Mipira ya breki yote, maana nayo ina EPDM ndani. Raba mbili zinazoshika kichupa, na ile ya mfuniko. Paipu za chuma zinaoshwa kwa spiriti na kupulizwa kwa kompresa hadi zikauke. Msikubali zioshwe kwa petroli, mtakuwa mmerudisha adui ndani. Gari likiwa na ABS, ile inayozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, ule mtambo wake una raba pia, na bei yake ni kilio. Ukibadilisha masta peke yake, uchafu uliobaki kwenye paipu na kalipa unaivimbisha tena ile mpya. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi.

Nina hasira na fundi anayesema "weka tu, watu wote wanaweka" wakati mfuniko alioushika mkononi umeandikwa DOT 3. Na wale wauzaji wanaopimia mafuta ya breki kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo! Mafuta haya yanavuta unyevu hewani, na hata yangekuwa halali, chupa iliyokaa wazi imeshaharibika. Nunua kopo dogo lenye sili, likifunguliwa litumike.

Ili ujue kama kuna mtu aliyekutangulia, chukua glasi yenye maji, tia kijiko kimoja kutoka kwenye kichupa, koroga, subiri dakika tano. Mafuta halali yanapotelea kwenye maji. Ukiona duara linaelea juu, hapo pana oili. Usitegemee rangi nyekundu ya haidroliki, ikichanganyika na mafuta ya zamani inakuwa ya kahawia tu.

Kuhusu kuzama kwenyewe: washa injini, kanyaga kwa nguvu ya kawaida, shikilia dakika nzima. Inazama na kichupa hakipungui? Raba za masta zinapitisha kwa ndani. Kwako kimepungua, basi tafuta pa kuvuja: nyuma ya masta inapokutana na busta (lile bakuli linaloongezea mguu nguvu), ndani ya dramu ukifunua kile kivazi cha raba cha silinda, na kwenye maungio ya mipira. Pedeli inayopanda ukiipampu ni upepo ndani ya paipu, au viatu vya breki vya nyuma vimekaa mbali na dramu.

Ukishaziba panapovuja, toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Msaidizi akanyage taratibu, na uweke kipande cha ubao chini ya pedeli isifike sakafuni, maana masta ya zamani ina kutu kule mwisho na raba zinachanika. Nipo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu, ilegezwe robo mzunguko, ifungwe KABLA hajaachia. Lita moja inatosha kusafisha yote, na kichupa kisikauke katikati ya kazi.

Fanya hilo jaribio la glasi leo. Likitoa duara, usikanyage hiyo pedeli hata mara moja, gari livutwe. Safari ya Manyovu panda basi.