Saa kumi ya Jimi

Kwa miaka mitatu nilikuwa nafika nyumbani saa kumi jioni. Mwaka jana ratiba ya kazi ikabadilika, nikaanza kufika saa mbili usiku. Nilijipanga kwa kila kitu: funguo, chakula, nauli ya bajaji. Mbwa sikumfikiria. Nilijua mnyama hana saa, kwake mchana mfupi na mchana mrefu ni mamoja.

Kama wiki mbili baadaye jirani akaniita uzioni. Akaniambia Jimi anashinda kimya, usingejua kama kuna mbwa, ila ikishaadhiniwa Alasiri tu anainuka, anakwenda kulala getini, pua kaisukuma chini ya bati. Hapo haondoki. Giza likiingia anaanza kulia, kisha anafukua. Nikawasha tochi ya simu nikatazame. Shimo lilikuwa la kuingia sufuria nzima, na kwenye ukingo wa bati palikuwa na damu iliyokauka. Kucha mbili za mguu wa mbele zilikuwa zimekatika. Nilichuchumaa pale nimemshika ule mguu, nikaona haya kweli.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu mbwa na wakati. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, alishaonyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kulishwa kila baada ya dakika 30 huanza kutokwa na mate muda huo unapokaribia, bila kupewa ishara yoyote. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya mwili kinachohesabu. Halafu kuna utafiti wa Therese Rehn na Linda Keeling wa Sweden, uliotoka mwaka 2011. Waliwachukua mbwa 12 wasio na tatizo la kuachwa, wakawaacha nyumbani kwa nusu saa, kwa saa mbili na kwa saa nne. Baada ya saa mbili mbwa walimlaki mwenyewe kwa nguvu kuliko baada ya nusu saa. Kati ya saa mbili na nne tofauti haikuonekana.

Wapo wanaouchukua utafiti huo kama ruhusa: kama saa mbili na nne ni sawa, basi hata kumi si neno. Mimi nakataa. Mkia unakuonyesha furaha ya kukuona, haukusimulii alivyoshinda. Aliyenisimulia mimi ni lile shimo.

Jimi anaisoma siku kwa ishara. Jua letu halina hila. Hapa Morogoro mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka havipishani hata saa moja, kwa hiyo kivuli cha mwembe kinafika ukutani wakati uleule karibu mwaka mzima. Kuna adhana. Kuna watoto wa shule wanaopita wakiburuza fimbo kwenye uzio. Kuna tumbo lake. Na huenda kuna harufu: Alexandra Horowitz, mtafiti wa mbwa wa Barnard College, New York, ametoa hoja kwamba harufu ya mwenye nyumba hufifia kadiri saa zinavyokwenda, na mbwa anaweza kujifunza kwamba ikishapungua kiasi fulani, mtu wake yuko njiani. Mimi hoja hiyo imeniingia. Ishara zote za Jimi zilikuwa zinamwambia mama anakuja, na mama haji.

Kwa hiyo, kama saa zako za kurudi zimebadilika, usianze na mbwa. Anza na ile saa aliyoizoea, uitie kitu kingine. Nilimwomba kijana wa jirani, yuko kidato cha pili, aje saa kumi kila siku. Anampa maji na nusu ya ugali wake wa dagaa, anamtembeza mpaka mtoni na kurudi. Nusu ya pili nampa mimi usiku. Mwezi mzima tulikwenda hivyo bila kukosa siku, maana ukikosa siku mbili tatu mwanzoni unakuwa umemrudisha getini.

Nguo nayo ilisaidia. Namwachia kanga niliyolalia, haijafuliwa, kibarazani anapolala. Kuagana kwa muda mrefu asubuhi nimeacha. Nachukua mkoba natoka. Na wewe unayemfungia mbwa bandani kutwa ili akeshe akilinda, nakuomba geuza mlango wa banda uangalie ua, apate kivuli na maji, na mtu amtoe hata mara moja mchana. Anayetazama ukuta wa tofali tangu alfajiri hana cha kumwambia siku imefika wapi.

Shimo tulilifukia kwa kokoto, na kucha zimeota. Juzi yule kijana alinisimamisha njiani. "Shikamoo mama. Siku hizi Jimi ananingoja mimi, leo nimechelewa kidogo nimemkuta kashasimama." Usiku nikishuka kwenye bajaji namkuta kalala juu ya kanga. Ananyanyuka, ananusa viatu vyangu vyote viwili taratibu, kisha ananitangulia jikoni kwenye ile nusu yake ya pili.