Deskitopu imejaa hadi hapaonekani: maswali ya wasomaji na majibu

Barua za mwezi huu zimeshabihiana kuliko kawaida. Skrini imefunikwa na aikoni, faili lipo lakini halipatikani, au lilipatikana na sasa limepotea baada ya kupangwa. Tumechukua barua tano.

Nina duka la stesheneri Morogoro. Kompyuta ni moja na tunaitumia watu watatu. Kila barua, CV, fomu na picha ya pasipoti ya mteja tunaihifadhi deskitopu, kwa kuwa ndiko kunakoonekana haraka. Sasa aikoni zimepita 400 na zinapandiana. Mteja akirudi baada ya mwezi, tunatafuta CV yake nusu saa nzima. Nilitengeneza folda za Word, PDF na Picha lakini hazikusaidia. Nifanyeje?

Hazikusaidia kwa sababu hakuna mteja anayekuja kuulizia PDF. Anakuja na jina lake, anasema alitengenezewa CV kabla ya Ramadhani. Folda ipangwe kwa lile swali mtakaloulizwa siku ya kulitafuta faili. Aina ya faili kompyuta inaijua yenyewe na itakuonyesha wakati wowote, bila wewe kuitengenezea folda.

Deskitopuni bakini na folda tatu tu: "01 Leo", "02 Wateja" na "03 Violezo". Folda mpya hutengenezwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Hiyo sifuri ya mbele ina kazi. Windows inajua kwamba 2 hutangulia 10, lakini baadhi ya simu na tovuti hazijui, nazo huiweka 10 kabla ya 2. Ukiandika 01, 02, mpangilio haubadiliki popote utakapoupeleka.

"01 Leo" ni ya kazi zilizo mkononi. "03 Violezo" ni ya barua na CV tupu mnazoanzia. Zifanyeni za kusomwa tu, kwa kubofya faili kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua "Properties" na kuweka alama kwenye "Read-only", mtu asije akahifadhi CV ya mteja juu ya kiolezo. Hilo hutokea sana pale kompyuta inapotumiwa na wengi.

Ndani ya "02 Wateja" usihangaike kutengeneza folda za A, B, C. Jina la faili litatosha, mradi lianze na mteja, jina lake la mwisho likitangulia: "Juma Asha 417 CV 2025-03-14". Kina Asha Juma ni wengi, kwa hiyo 417 ni tarakimu tatu za mwisho za namba yake ya simu. Tarehe inaanza na mwaka ili mafaili ya mteja mmoja yajipange yenyewe kuanzia la zamani hadi jipya. Ukianza na siku, tarehe 2 Januari itakaa karibu na tarehe 2 Desemba. Na msitumie mkwaju (/) kwenye tarehe, Windows itaukataa. Alama zinazokataliwa ni hizi: \ / : * ? " < > |

Mteja akija, fungua folda na uandike haraka herufi za mwanzo za jina lake, "juma as", bila kubofya popote. Kompyuta itaruka hadi hapo. Mteja mwenye mafaili mengi, tuseme shule inayochapa mitihani kwenu, huyo apewe folda yake.

Sasa yale 400. Msiyapange siku moja, mtachoka na kuanza kuyatupa popote. Fungueni deskitopu kama folda na kuyagawa kwa tarehe, kama ilivyoelezwa kwenye jibu la mwalimu hapa chini, kisha muanze na kundi la zamani kabisa. Bofya kichwa cha kundi na mafaili yote yaliyo chini yake yatachaguliwa. Kata kwa Ctrl+X, ingia kwenye folda, bandika kwa Ctrl+V. Mkikosea, Ctrl+Z papo hapo itarudisha mafaili yalikotoka. Kubadilisha majina, chagua faili la kwanza, bonyeza F2, andika, kisha badala ya Enter bonyeza Tab: kompyuta itakupeleka kwenye jina la faili linalofuata, na kazi ya saa moja itakuwa ya dakika chache.

Mahali pa kuogopa ni majina yanayofanana. Duka kama lenu haliwezi kukosa "CV.docx" kadhaa za watu tofauti. Ukihamishia ya pili mahali ilipo ya kwanza, Windows itauliza. Ukibofya "Replace", CV ya mtu wa kwanza imekwenda. Chagua kulinganisha mafaili, weka alama kwenye yote mawili, nalo la pili litaongezewa namba. Salama zaidi ni kubadilisha majina kwanza, kuhamisha baadaye.

Likitokea tangazo kwamba kazi haiwezi kukamilika kwa sababu faili limefunguliwa, mwenzako ameliacha wazi kwenye Word. Lifunge, kisha bofya "Try Again".

Kuna jambo hukuliuliza nasi hatuwezi kulipita. Nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya shule zilizobaki kwenye kompyuta yenu si mali ya duka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyekuja kutoa kopi hakukuachia kitambulisho chake ukitunze mbele ya kila anayepita kaunta. Skani za vitambulisho zikae "01 Leo", na jioni kabla ya kufunga duka zifutwe kwa Shift+Delete, maana Delete peke yake inazipeleka kwenye pipa la taka ambalo yeyote anaweza kulifungua. CV mteja akitaka mumtunzie, aseme mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Njombe. Folda yangu moja ina mitihani, maazimio ya kazi, matokeo na picha. Nimeona kwenye kompyuta ya mwenzangu mafaili yamekaa kwa makundi yenye vichwa, na hana folda ndogo ndani. Inafanywaje? Na deskitopu inaweza kupangwa hivyo?

Mwalimu, fungua hiyo folda, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, chagua "Group by", kisha "Type", "Date modified" au "Name". Kuondoa makundi, rudi hapo hapo uchague "(None)". Mafaili hayajahama hata kidogo. Ni namna ya kuyatazama tu. Ndiyo maana ukiipeleka folda hiyo kwenye kompyuta nyingine utakuta makundi hayapo. Mshale mdogo kando ya kichwa hukunja kundi usilolihitaji.

Ukigawa kwa aina, usishangae mitihani yako kutokea makundi mawili. Word za zamani zilihifadhi .doc, na kuanzia Word 2007 ni .docx, nazo kwa Windows ni aina mbili. Picha za JPG na PNG vilevile. Ukigawa kwa tarehe, kumbuka inayohesabiwa ni tarehe ya mara ya mwisho faili kuhifadhiwa. Mtihani wa mwaka juzi ukiufungua leo, ukasahihisha nukta moja na kuhifadhi, utahamia kundi la leo. Kwa mitihani tunaona ni heri mwaka na muhula viwe kwenye jina la faili, na kidato kiwe folda.

Deskitopu yenyewe haina "Group by". Ukibofya hapo utapata "Sort by" peke yake, nayo hupanga bila vichwa. Lakini deskitopu ni folda kama nyingine. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na E, chagua "Desktop" upande wa kushoto, na ndani ya dirisha hilo "Group by" itakuwepo. Kama aikoni zako za deskitopu zinahamahama, bofya kitufe cha kulia mahali patupu, ingia "View" na utazame "Auto arrange icons". Ikiwa na alama, Windows huzisogeza zijaze safu kuanzia kushoto, na kila ulipoziweka kwa mkono patavurugika.

Nilinakili mafaili yote ya deskitopu kwenye flashi nikasafiri nayo Kisumu. Nilipofika, hakuna hata moja linalofunguka. Kompyuta inasema haioni faili.

Ulibeba njia za mkato, mafaili yenyewe umeyaacha nyumbani. Tazama kona ya chini kushoto ya aikoni: ikiwa na mshale mdogo, hicho ni kibao kinachoelekeza lilipo faili, na huwa na ukubwa wa KB 1 au 2 tu. Nyumbani, bofya njia ya mkato kitufe cha kulia na uchague "Open file location". Utapelekwa lilipo faili halisi, na hilo ndilo la kunakili.

Jambo la pili linafanana na hili lakini ni jingine. Ikiwa flashi ilikuwa nzima na ghafla folda zake zote zimegeuka njia za mkato, hicho ni kirusi. Usizibofye. Safisha flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua dirisha la amri, yaani cmd, uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zako zilifichwa, hazikufutwa. Hii itazifichua.

Ninaweka hesabu za chama cha akiba na mikopo, Mwanza. Baada ya kupanga mafaili ya Excel kwenye folda za miezi, faili la majumlisho ya mwaka linalalamika viungo na namba hazisasishwi. Nimeharibu hesabu?

Hesabu ziko salama. Faili la majumlisho lilikuwa likisoma namba kutoka kwenye mafaili ya miezi, na lilikariri njia ya kuyafikia. Umeyahamisha moja moja, njia ikakatika. Fungua la majumlisho, nenda "Data", kisha "Edit Links" (matoleo mapya huandika "Workbook Links"), chagua mwezi, bofya "Change Source" na ulionyeshe faili lilipo sasa. Utarudia hivyo kwa mafaili ya miezi yote 12, mara moja tu.

Siku nyingine hamisha folda nzima yenye mafaili ya miezi pamoja na la majumlisho. Yakibaki katika nafasi zile zile yakitazamana, Excel huyapata. Na usizamishe folda ndani ya folda ndani ya folda zenye majina marefu. Windows kwa kawaida huhesabu njia yote, kuanzia C:\ hadi herufi ya mwisho ya jina la faili, na kikomo chake ni herufi 260. Ukivuka hapo, faili linakataa kunakiliwa, na programu nyingine hukataa hata kulifungua. Ngazi tatu zinatosha ofisi nyingi: mwaka, mwezi, aina ya hesabu.

Fundi alipiga Windows upya na kila kilichokuwa deskitopu kimekwenda. Niliambiwa pia nitumie OneDrive, nikaiwasha, ikamaliza bando. Niweke wapi mafaili yangu? Ninaishi Unguja.

Pole sana. Deskitopu hukaa diski C, ndani ya folda ya mtumiaji kwenye "Users", na diski C ndiyo inayofomatiwa, yaani kufutwa yote, Windows inapowekwa upya. Kabla ya lolote, fungua diski C utafute folda iitwayo "Windows.old". Fundi akiweka Windows bila kufomati, mafaili ya zamani hubaki humo, chini ya "Users", jina lako, "Desktop". Yanakili leo, kwa sababu Windows huweza kuifuta folda hiyo yenyewe. Ikiwa haipo, acha kuitumia kompyuta hiyo na umpelekee fundi wa kuokoa data. Kila kitu kipya unachohifadhi kinaweza kukalia pale palipokuwa faili lako. Kwa diski ya SSD, yaani ile isiyo na sehemu inayozunguka, matumaini ni madogo kuliko kwa diski ya zamani ya kuzunguka.

Kuanzia sasa, folda zako zikae diski D kama unayo, na deskitopu iwe na njia za mkato tu za kuelekea huko. Hapo mshale mdogo una faida. Lakini mara nyingi C na D ni diski moja iliyogawanywa, ikifa zinakufa pamoja, kwa hiyo nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa muda wote.

OneDrive ya bure ni GB 5. Ukiruhusu itunze deskitopu, inahamisha folda ya deskitopu kuingia ndani ya folda yake na kuanza kupakia kila kitu, video za harusi zikiwemo. Ndipo bando lilipokwenda. Weka humo nyaraka tu, na uondoe video na picha kubwa kwanza. Faili lenye alama ya wingu la buluu halipo kwenye kompyuta yako, halitafunguka bila intaneti. Bofya kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", na ufanye hivyo ukiwa bado na bando. Na ukilifuta faili kwenye folda hiyo ili upate nafasi, linafutika na kule mtandaoni. Unalotaka kuliondoa kwenye kompyuta peke yake, lichagulie "Free up space".