Maswali na majibu: Kila mfumo una mwenyewe

Barua zinazohusu ofisi za serikali za mawasiliano na mifumo ya kidijitali zimekuwa nyingi tangu watu waanze kufuata mbolea ya ruzuku, inayouzwa kwa kupitia mfumo, na nyingi zimeandikwa kwa hasira. Hasira hiyo naielewa. Nisichokubali ni kuulaumu "mtandao" kana kwamba ni mvua ya mawe, haina aliyeileta wala wa kumuuliza.

Wizara, TCRA, Serikali Mtandao, Tume ya TEHAMA: nani mkubwa kati yao? (Msomaji, Tukuyu)

Usitafute mkubwa, tafuta anayehusika na shida yako. Wizara yenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari inaandika sera na kupeleka miswada bungeni. Kazi hiyo ilipewa wizara yake yenyewe Desemba 2020. Kabla ya hapo mawasiliano yalikuwa wizara moja na ujenzi na uchukuzi, na kila mtu anajua barabara na reli zinavyomeza muda wa waziri. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, inazipa leseni kampuni za simu, redio na televisheni na kuzisimamia. Tume ya TEHAMA, ya 2015, kazi yake ni kukuza wataalamu na sekta yenyewe.

Mnapopotea wengi ni hapa: Mamlaka ya Serikali Mtandao haiko chini ya wizara hiyo. Iko Ofisi ya Rais, upande wa Utumishi, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inaipa kazi ya kusimamia viwango na usalama wa mifumo ya taasisi za umma. Kwa hiyo simu yako ikikosa mawimbi, hiyo ni njia ya TCRA. Mfumo wa halmashauri ukikataa kukupa namba ya malipo, anza na halmashauri, kisha Serikali Mtandao. Ukichanganya njia hizo mbili barua yako itazunguka hadi uichoke, na anayeipokea kimakosa hana sharti la kukuhurumia.

Nimetuma hela namba isiyo yangu. TCRA wanairudishaje? (Wasomaji sita, kutoka Iringa mpaka Tunduma)

Hawairudishi. Nimelijibu swali hili mara nyingi kuliko jingine lolote. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako papo hapo, kabla aliyepokea hajaitoa kwa wakala. Usisubiri kesho, wala usianze kuniandikia mimi. Huduma za malipo kwa simu ziko chini ya Benki Kuu, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015. Na lisome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Limewekwa pale kwa ajili hiyo.

Kijijini kwetu lazima upande kilima ndipo upate mawimbi. Serikali haituoni? (Msomaji, Makete)

Swali hili linaniuma, kwa sababu nimemwona mama mwenye mtoto mgonjwa akipanda kilima cha namna hiyo usiku ili ampigie simu mwenye pikipiki.

Kampuni ya simu hujenga mnara panapolipa. Milima ya Kipengere hailipi: nyumba zimetawanyika, umeme uko mbali, njia ya gari hukatika masika, na mnara ukisimama juu ya mgongo wa mlima walio bondeni upande wa pili hawaupati. Ndiyo maana ukaundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sheria ya 2006, ili utoe ruzuku kampuni zikubali kujenga pasipolipa. Mwaka 2023 mfuko huo ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 nchi nzima.

Sasa sikilizeni. Kijiji hakiingii kwenye orodha kwa kulalamika kilabuni. Mkutano mkuu wa kijiji ukae, jambo hili liandikwe kwenye muhtasari, mtendaji aupeleke kata na halmashauri, na nakala iende kwa mbunge na kwenye Mfuko. Andikeni vitongoji kwa majina, idadi ya kaya, umbali wa zahanati na shule, na mahali hasa mawimbi yanapokatika. Diwani akisema "limeshapelekwa", mwombeni awaonyeshe nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Na mnara ukijengwa ukawa wa kupiga simu tu, bila intaneti, msipige makofi mkanyamaza. Mtoto wa Makete anafanya mtihani uleule na mtoto wa Dodoma.

Kifurushi kinaisha kabla ya muda. Nishtaki wapi? (Msomaji, Mafinga)

Kwa kampuni kwanza, na udai namba ya lalamiko. Wasipokuridhisha, nenda TCRA. Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ina ofisi Mbeya, huna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam. Msiseme haisaidii: Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilisitishwa kwa sababu wananchi walipiga kelele.

Wakala wa laini alisema alama ya kidole haijasoma, nikarudia mara tatu. Kuna shida? (Binti, Makambako)

Inawezekana ipo kubwa. Kila kidole kinachosoma kinaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako, ikauzwa kwa watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na polisi wakaanza kukutafuta wewe. Piga *106# leo na uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika, si kwa wakala wa mwavuli, uifute. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, upeleke 15040.

Nawaongezea ambalo hamkuuliza. Nyumba za wageni, vikundi vya kukopeshana na maduka ya steshenari wanapiga picha vitambulisho vya watu na kuziacha kwenye simu ya mhudumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na ina tume yake. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa awe amesajiliwa na akwambie anazitumia kwa nini. Muulize. Kumuuliza si utovu wa adabu.

Nimetengeneza programu ya kuwaunganisha wakulima wa viazi na wanunuzi. Natakiwa nini? (Mwanafunzi, Mbeya)

Jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa sababu unachukua majina na namba za wakulima, kisha fika Tume ya TEHAMA na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, uulize misaada ya wabunifu. Na itengeneze ifanye kazi hata kwenye simu ya kitochi. Mkulima wa Uporoto hatanunua simu janja kwa ajili yako.

Nimekwenda Mbalizi mara mbili kufuata mbolea ya ruzuku. Kila mara naambiwa mfumo uko chini. Nani anawajibika? (Mama mkulima, Ilembo)

Shikamoo mama, na pole. Nauli mara mbili, siku mbili za shamba, na mvua haimsubiri mtu na mbolea yake ya kupandia.

Ruzuku ilirudi msimu wa 2022/23, na usajili wa wakulima na uuzaji wa mbolea hiyo unapita kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Hao ndio wenye mfumo. Mwenye duka akisema "uko chini" anaweza kuwa anasema kweli, anaweza pia kuwa hana mawimbi dukani kwake, au mzigo umeisha na hataki kukwambia. Mwulize ni lipi kati ya hayo matatu. Andika tarehe, saa na jina la duka, kisha umpelekee afisa ugani ukiwa na namba yako ya usajili wa mkulima, naye akupe jibu la maandishi au akupeleke kwa afisa kilimo wa wilaya.

Kwa viongozi wanaosoma hapa: mnapoweka huduma ya lazima ndani ya mfumo, wekeni na njia ya siku mfumo unapolala. Daftari, stakabadhi ya mkono, taarifa ziingizwe baadaye. Benki na hospitali zinajua kufanya hivyo. Mfumo usio na njia hiyo haukupaswa kupitishwa, na walioupitisha wana majina na vyeo.

Mama, ukishaandika, niletee nakala. Wiki mbili zikipita bila jibu niambie, nitaiandika hapa pamoja na cheo cha aliyeipokea.