Una Kesi Kortini na Unataka Kiti: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nauza nafaka hapa Bungoma. Nimeshtakiwa pamoja na maafisa wa kaunti kuhusu zabuni ya mahindi, na kesi bado inasikizwa. Nataka ubunge mwaka 2027, lakini wapinzani wanatangaza sokoni kwamba nimeshafungiwa nje. Ni kweli?
— Msomaji, Kanduyi

JIBU: Si kweli, ndugu. Kushtakiwa hakumzuii mtu kuwania. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakuhesabu huna hatia mpaka mahakama iamue vingine, na kifungu cha 99 kinachoorodhesha wasiofaa kuwa wabunge kinataja aliyehukumiwa kifungo cha angalau miezi 6. Mashtaka hayamo. Tena hata ukihukumiwa, 99(3) inasema huondolewi hadi nafasi zote za rufaa ziishe. Nyinyi wa Bungoma mmeliona jambo hili kwa karibu: mbunge wa Sirisia, John Waluke, alitiwa hatiani Juni 2020 katika kesi ya mahindi ya Bodi ya Nafaka, akapewa faini au kifungo cha miaka 67, na Agosti 2022 akachaguliwa tena kwa sababu rufaa yake ilikuwa haijaamuliwa.

Kwa hiyo rufaa ndiyo roho yako ya kisiasa, na wengi huipoteza kwa uzembe wa siku chache. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 14, zikihesabiwa tangu siku ya hukumu. Usingoje nakala ya hukumu ichapwe ndipo uanze. Siku ileile wakili wako apeleke barua katika masjala ya mahakama kuomba hukumu na mwenendo wa kesi, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Siku 14 zikipita kwa sababu masjala ilichelewa, barua hiyo ndiyo itakayokusaidia kuomba mahakama ikuruhusu kukata rufaa nje ya muda. Bila muhuri una maneno matupu. Pia omba dhamana ya kusubiri rufaa kwa ombi la pekee, kwani ile ya kwanza hufa siku unapohukumiwa.

Kinachotutia wasiwasi zaidi kwa mfanyabiashara ni faini. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 1, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Kuna faini ya pili ambayo ni lazima: mara mbili ya faida uliyopata au hasara uliyosababisha. Ukionekana ulifaidi milioni 4, unaongezewa milioni 8. Kifungu cha 64 cha sheria hiyohiyo nacho kinamnyima aliyetiwa hatiani nafasi ya kuchaguliwa au kuteuliwa kwa miaka 10. Weka pesa kwenye utetezi kabla ya kuziweka kwenye mabango.

SWALI: Kama rufaa inamlinda mtu, mbona Mike Sonko alizuiwa kuwania ugavana Mombasa mwaka 2022 ilhali hakuwa amefungwa?
— Msomaji, Bahati, Nakuru

JIBU: Kwa sababu yeye aling'olewa madarakani. Seneti ilimwondoa kwenye ugavana wa Nairobi Desemba 2020, na kifungu cha 75(3) cha Katiba kinasema aliyeondolewa kwa kuvunja masharti ya Sura ya Sita, ile ya uadilifu, hawezi kushika wadhifa mwingine wa Serikali. Alipinga uamuzi huo hadi Mahakama ya Juu, ikamkatalia Julai 2022, na mlango ukafungwa.

SWALI: Mashtaka yangu yaliondolewa. Naweza kuwaambia wapiga kura nimesafishwa? Na je, deni la benki linaweza kunizuia?
— Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Soma amri ya mahakama kabla ya kupanda jukwaani. Ikisema mashtaka yameondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, basi umeachiliwa tu. Ushahidi mpya ukipatikana, unaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile, hata wiki moja kabla ya kura. Aliyesafishwa ni yule ambaye amri yake inasema hana hatia, na huyo Katiba inakataza ashtakiwe tena. Ukitamka moja badala ya nyingine, mpinzani atakuja na nakala ya amri hiyo mkononi, nawe utakuwa umempa silaha bure.

Deni peke yake si kizuizi. Kizuizi ni kutangazwa mufilisi na mahakama na kuwa bado hujaondolewa hali hiyo. Mkopeshaji huanza kwa notisi rasmi ya siku 21. Hizo siku 21 ndizo za kwenda benki kupatana; ukizipuuza, anaweza kuomba mahakama ikutangaze mufilisi. Ukishatangazwa, kwa kawaida unafunguliwa baada ya miaka 3 tangu uwasilishe taarifa ya mali na madeni yako, na hapo ndipo watu hujikwaa: wasipoiwasilisha taarifa, miaka haianzi kuhesabiwa. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Piga hesabu kwa kurudi nyuma kuanzia hapo, na usisahau kuwa ukitaka kusimama bila chama lazima uwe umekihama chama angalau miezi 3 kabla, na uwe na sahihi za wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge lako.