Hewa inayosukuma inawezaje kunyonya?

Swali: Shikamoo injinia. Mimi ni fundi wa vioo na alumini hapa Ngamiani, Tanga. Bosi wetu amenunua kifaa cha kunyanyulia vioo chenye vikombe vinne vya mpira, kila kimoja upana wa sentimita 10. Hakina pampu wala mota. Unakiunga kwenye kompresa, basi kinanyonya. Hewa inayosukuma inavutaje? Halafu wiki iliyopita kilianza kulegea, nikapandisha presha kutoka bar 5 hadi 8, ndiyo kwanza kikazidi kulegea. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Tuanze na hilo neno kunyonya, maana ndilo linalotupoteza. Unapokunywa dafu kwa mrija, mdomo wako hauyavuti maji. Unapunguza hewa ndani ya mrija tu, na hewa ya nje inayoyakandamiza maji ndiyo inayoyapandisha. Kioo nacho ni hivyo hivyo. Hapa kwetu, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa karibu kilo moja. Ikipungua ile iliyo kati ya kikombe na kioo, hewa ya upande wa pili inakibana kioo kwenye mpira. Ukipeleka kifaa hicho hicho Lushoto, mita kama 1,400 juu, uwezo wake unashuka kwa karibu asilimia 15, kwa sababu kule hewa yenyewe inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko hapa.

Kwa hiyo kazi ya kile kidude kilichounganishwa na mpira wa kompresa, tunakiita ejekta, ni kuitoa hewa iliyo chini ya vikombe. Ndani yake kuna nozeli, tundu jembamba sana linalobana halafu likatanuka kidogo. Hewa ya kompresa ikipita hapo inatoka kwa kasi inayozidi ya sauti, na presha yake inashuka chini ya ile ya hewa ya kawaida. Mbele ya nozeli kuna uwazi mdogo, na uwazi huo umeunganishwa na vikombe vyako. Mbele zaidi kuna mrija mwingine mpana kidogo unaopokea mkondo wote na kuupeleka nje kupitia sailensa, yaani kile kipunguza kelele.

Wengi wakifika hapa hutaja kanuni ya Daniel Bernoulli ya mwaka 1738, kwamba mwendo ukiongezeka presha hupungua, wakafunga daftari. Kanuni ni ya kweli, lakini haitoshi. Jambo kubwa ni kwamba mkondo ule unajisugua na hewa iliyotulia kandoni, unaichanganya na kuikokota kwenda nao. Umewahi kuendesha baiskeli kandokando ya barabara ya Segera likakupita lori la mizigo? Ukishapitwa, vumbi na majani yanalifuata lori, nawe unahisi kama unavutwa. Ndani ya ejekta mkokoto huo unafanyika kwenye chumba kilichofungwa, kwa hiyo hewa inayochukuliwa haina mbadala ila ile ya kwenye vikombe. Bunduki ya rangi ya fundi wa magari, ile yenye kikombe chini, inapandisha rangi kwa njia inayofanana.

Sasa presha yako. Nozeli na mrija wa kupokea vimepimwa vifanye kazi pamoja kwa presha fulani, mara nyingi bar 4 hadi 6. Ukienda 8, hewa inayopita nozeli inaongezeka kwa karibu nusu, lakini njia ya kutokea ni ile ile. Mkondo unasongamana, presha inapanda mle mle unamotaka ishuke. Umeichosha kompresa kwa kazi inayokurudisha nyuma.

Lakini kifaa kilianza kulegea kabla hujagusa presha, na hapo ndipo pa kutafuta. Mimi ningeanza na sailensa. Niliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda chenye vumbi jingi, tukabadilisha vikombe vya mpira siku nzima bila nafuu. Jioni tukafungua sailensa: vumbi na mafuta vilikuwa vimegandana kama ugali uliokauka. Hewa ilikosa pa kutokea. Funga valvu ya hewa, ifungue sailensa, kisha washa ujaribu bila hiyo, masikio ukiwa umeyaziba kwa sababu kelele ni kali. Nguvu ikirudi, umempata mwizi.

Isiporudi, chomoa mpira unaokwenda kwenye vikombe na ufunge tundu la kunyonya kwa geji ya ombwe, yaani kipimo cha upungufu wa hewa. Ikisoma vizuri, karibu bar 0.8 chini ya sifuri, ejekta ni nzima. Tafuta ufa kwenye mipira au ukingo wa kikombe. Ikisoma kidogo, nozeli ina uchafu. Joto na unyevu wa pwani hujaza maji kwenye tangi la kompresa, na maji hayo husafiri na kutu na mafuta. Yamwage kila siku, na uweke chujio kabla ya ejekta.

Kuhusu uzito: kwa ombwe la bar 0.6, kikombe kimoja cha sentimita 10 kinashika karibu kilo 48 kwa hesabu tupu. Vinne ni kama 190. Kioo kikisimama wima kinashikwa na msuguano, kwa hiyo gawa kwa nne. Unabaki na 48 au chini kidogo. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa mita ya mraba, basi cha mita 1.2 kwa 1.8 ni kilo 32. Kinafaa, kikiwa kikavu na safi.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni umeme kukatika. Tangi la kompresa likiisha hewa, ejekta inaacha kunyonya na hewa ya nje inarudi kwenye vikombe kupitia humo humo. Muulize bosi kama kifaa kina valvu ya njia moja na tangi dogo la akiba ya ombwe. Kama havipo, viwekwe kabla hamjanyanyua kioo kingine, na mtu yeyote asipite chini yake.