Maswali ya Wasomaji: Je, Niweke Urea Kwenye Majani ya Asili ya Mlimani?

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Makete. Nina ekari tatu za majani ya asili mlimani, nje ya mpaka wa Hifadhi ya Kitulo, ambazo familia yetu imekuwa ikizifyeka na kuzilishia tangu enzi za babu. Majani hayo ni mafupi na huchelewa kuota hata mvua zikianza mapema. Muuzaji wa pembejeo amenishauri nimwage urea (mbolea ya naitrojeni) na DAP (mbolea yenye naitrojeni na fosforasi), kisha chokaa, ili nipate majani mengi. Mama yangu amekataa kabisa. Anasema maua yote ya mlima yatapotea. Nani kati yao yuko sahihi? Na je, samadi ya zizini ina madhara hayohayo?

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji yuko sahihi kuhusu wingi wa majani, na mama yako yuko sahihi kuhusu maua. Kwa kuwa ekari zako tatu ni za majani ya asili ambayo hayajawahi kulimwa wala kutiwa mbolea, mimi ningemsikiliza mama.

Nianze na sababu inayofanya majani yako yawe mafupi. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Ukiuchimba utauona mweusi na wenye mboji nyingi, hata mtu akashangaa ukiitwa udongo maskini. Lakini baridi, hasa ile ya Juni hadi Agosti inayoleta jalidi, huwafanya bakteria na kuvu waozeshe mabaki ya mimea polepole sana, kwa hiyo naitrojeni iliyomo kwenye mboji hiyo hubaki imefungwa, na mimea hupata kidogo tu kila msimu. Fosforasi nayo hushikwa kwa nguvu na madini ya udongo wa majivu, kiasi kwamba sehemu kubwa ya ile utakayoimwaga juu kwa DAP itanaswa kabla mizizi haijaifikia. Hapo tayari fedha yako imeanza kupotea.

Mimea ya asili ya huko imezoea uhaba huo. Okidi, na mingine mingi inayochanua Kitulo kuanzia Desemba hadi Aprili, huweka akiba yake chini ya ardhi kwenye viazi au mizizi minene, hukua taratibu, na huchipua tena baada ya moto au jalidi. Mimea ya namna hii haijui kukimbia hata ikipewa chakula kingi. Wanaokimbia ni wachache, hasa nyasi ndefu zenye majani mapana, na hao ndio urea itakaowaamsha.

Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza kama mimea midogo hufa kwa kushindania virutubisho ardhini au kwa kukosa mwanga. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake: waliotesha mchanganyiko wa mimea ya malisho, wakaitia mbolea, kisha katika baadhi ya maeneo wakafunga taa chini, katikati ya majani, ili mimea mifupi ipate mwanga. Pale palipokuwa na taa, aina za mimea hazikupungua kama zilivyopungua pale pasipokuwa na taa. Maana yake ni kwamba mbolea haiui ua kwa sumu, bali huwapa nyasi ndefu nguvu ya kulifunika. Jambo hili linakuhusu moja kwa moja, kwa sababu shamba linalofyekwa au kulishwa kwa wakati hupata mwanga hadi chini, ilhali shamba lililotiwa urea kisha likaachwa bila kufyekwa hupoteza aina zake upesi zaidi.

Mwanga si sababu pekee. Mimea jamii ya mikunde, kwa mfano klova za milimani, hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na hiyo ndiyo faida yake juu ya majirani. Ukimwaga urea unawapa majirani bure kile ambacho klova hukihangaikia, na klova hurudi nyuma. Hilo ni hasara hata kwa ng'ombe wako, kwani klova ndiyo yenye protini nyingi. Okidi zina udhaifu mwingine: mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula, hivyo haziwezi kuota bila kuvu maalumu waliomo udongoni. Kuvu wengi wa aina hiyo hawapendi udongo uliotiwa mbolea nyingi. Tena, mbolea zenye amonia, na urea imo, huongeza uchachu wa udongo mwaka hadi mwaka. Huko Rothamsted nchini Uingereza kuna shamba la majani linalofanyiwa jaribio la mbolea tangu mwaka 1856. Vipande visivyotiwa kitu vina aina zipatazo 40 za mimea, na vile vilivyopewa salfeti ya amonia kwa wingi bila chokaa vimebaki na aina 2 au 3. Rothamsted si mlimani, lakini hakuna jaribio la malisho lililofuatiliwa muda mrefu kuliko hilo.

Huenda muuzaji wako alisikia habari za uchachu ndipo akataja chokaa, ambayo huupunguza, na hapa nakuomba uwe mwangalifu zaidi kuliko kwenye urea. Huko Schynige Platte, katika milima ya Uswisi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mtaalamu wa mimea Werner Lüdi alitia chokaa na mbolea kwenye vipande vya malisho maskini katika miaka ya 1930, kisha utiaji ukasimama. Watafiti waliporudi miaka 70 hivi baadaye, vipande vilivyopata chokaa bado vilikuwa na mimea tofauti na vijidudu tofauti vya udongo. Mlimani baridi huchelewesha kila kitu, pamoja na kusahau. Kwa upande wa naitrojeni kuna matumaini zaidi: huko Rothamsted, vipande vilivyoacha kupewa naitrojeni mwishoni mwa miaka ya 1980 vimeanza kurudisha aina zilizopotea. Urea ukikosea leo, mwanao anaweza kuona shamba likipona. Chokaa ukikosea, huenda hata yeye asione.

Samadi ni mpole kuliko urea lakini hufanya kazi ileile. Tani 5 za samadi mbichi ya ng'ombe zina naitrojeni inayokaribia ile ya mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, yaani kilo 23 hivi, ila hutoka taratibu, pamoja na fosforasi na potasiamu. Tazama pale ng'ombe wako wanapolala: utaona majani mapana na magugu manene, wala si maua.

Sasa la kufanya. Tenga robo ekari karibu na zizi, mahali palipokwisha kulimwa, upande nyasi za kikuyu pamoja na klova ya Kenya, na samadi yako yote pamoja na mbolea utakayonunua viishie hapo. Usiziweke kwenye mteremko unaomwaga maji kwenye kijito, kwa kuwa maji ya Kitulo hulisha mto Ruaha Mkuu na Ziwa Nyasa. Ekari tatu za asili ziendelee kufyekwa mara moja kwa mwaka, baada ya maua kukomaza mbegu, na majani yaliyofyekwa yatolewe shambani yasiozee pale.

Kama bado una shaka, au ukitaka kumwonyesha muuzaji, pima vipande viwili vya mita 5 kwa 5, uvizungushie vigingi. Kimoja kitie gramu 300 za urea mvua zikiwa zimeshika, kiasi kinacholingana na mfuko mmoja kwa ekari; kingine usikitie kitu. Kila mwezi Februari, kwa miaka mitatu mfululizo, hesabu aina za mimea katika kila kipande, na mama yako awe karibu, kwa sababu ataitambua mimea mingi kwa majina ambayo sisi wataalamu hatuyajui. Mwaka wa kwanza kipande chenye urea kitakupendeza. Usiamue mwaka huo.